Programu inasema bango litawaka sawasawa, leza imenitolea machweo. Nani mwongo?

#1 Mchonga Nuru (mwanzisha uzi)
Wakuu, habari za jioni. Nipo Ipagala, Dodoma, kazi yangu mabango. Nimezoea herufi za 3D na alukobondi, ila safari hii mteja mwenye loji anataka kitu chembamba: bamba moja la akriliki la milimita 5, upana sentimita 90, kimo 40. LED zifichwe ukingo wa chini tu, halafu uso mzima uwake. Yaani mwanga uingie kwa ukingoni, usafiri ndani ya bamba, utokee pale palipochongwa vidoa.

Sikutaka kubahatisha. Nikapakua programu ya optiki ya majaribio ya siku 30, nikachora bamba, nikapanga vidoa vya duara vya milimita 0.3 upande wa nyuma, chini vichache, juu vingi. Nikarusha miale milioni moja. Ramani ikatoka laini kama uji wa mgonjwa, chini na juu huoni tofauti. Faili nikampelekea jamaa mwenye leza. Leo nimefunga LED, nimewasha: sentimita kumi za chini zinachoma macho, katikati wastani, juu giza la maghribi. Machweo kabisa. Linafaa kadi ya harusi.

Sasa programu imenidanganya, leza imenidanganya, au nimejidanganya mwenyewe? Mteja analitaka Ijumaa.

#2 Siti ya Mbele
Nimeshakaa. Wataalamu wapite.

#3 Fundi Nkuhungu
Mkuu, hilo tatizo la umeme. Mkanda wa LED wa volti 12 ukiulisha upande mmoja, mwisho wake unapata volti pungufu na taa zinafifia. Lisha pande zote mbili uone.

#4 Mchonga Nuru
Fundi, mkanda una sentimita 90 tu na umelala kushoto kwenda kulia. Kufifia kwangu ni chini kwenda juu. Kushoto na kulia wako sawa.

#5 Fundi Nkuhungu
Aah. Nimesoma mbio mbio kama bili ya maji. Narudi.

#6 Binti Chimwaga
Kabla ya kumhukumu mtu tuone hesabu. Gawa bamba lako mistari kumi ya sentimita nne nne kuanzia kwenye LED. Mwanga ulioingia uite 100. Ukitaka kila mstari utoe 10, wa kwanza utoe 1/10 ya kilichoufikia. Wa pili umefikiwa na 90, kwa hiyo utoe 1/9. Wa tatu 1/8. Hivyo hivyo mpaka wa tisa utoe nusu, wa kumi umalize chote. Ndiyo maana vidoa vinaongezeka kadiri unavyoondoka kwenye LED, tena haviongezeki kwa hatua sawa, mwishoni vinapaa.

Sasa chukua bamba ambalo kila mstari unatoa 1/5 ya kilichoufikia. Wa kwanza unatoa 20, wa pili 16, wa tatu 12.8, ukifika wa kumi ni 2.7. Wa kwanza unamzidi wa mwisho zaidi ya mara saba. Hayo ndiyo machweo yako kaka. Kuna kitu kwenye bamba la kweli kinachotoa mwanga mapema kuliko programu ilivyodhani. Hapo ndipo pa kuchimba.

#7 Mkulima Hombolo
Optiki siijui ila hili nalijua. Shamba langu la zabibu lina mpira wa matone. Mwaka wa kwanza tulitoboa matundu sawa kutoka kwenye tanki mpaka mwisho wa mstari. Mizabibu ya mwanzo inaogelea, ya mwisho majani yamejikunja kama sigara. Tukaja kupunguza matundu ya mwanzo. Mwanga na maji ni ndugu.

#8 Mwalimu wa Zamani
Ndugu wa Hombolo, mfano mzuri ila usiuburuze mbali. Maji yana msukumo: ukiziba tundu moja, mengine yanatoa zaidi. Mwale haujui habari za mwenzake. Uliotoka umetoka, uliobaki unaendelea na safari yake.

Kwa wasioelewa kwa nini mwanga unakubali kufungiwa ndani: akriliki ina namba ya kupinda mwanga 1.49. Mwale ulio ndani ukigonga uso kwa zaidi ya nyuzi 42.2, ukipima kutoka kwenye mstari wima wa uso huo, hautoki hata kidogo. Unarudi wote. Na mwanga ulioingia kwa ukingo safi ulionyooka hauwezi kusambaa zaidi ya nyuzi hizo hizo 42.2 kutoka uelekeo wa mbele, kwa hiyo unapogonga uso mpana unakuta pembe ya 47.8 au zaidi. Umekwama. Bamba tupu lisilo na vidoa lingepeleka karibu mwanga wote mpaka ukingo wa juu. Daniel Colladon alionyesha jambo hili Geneva mwaka 1841 kwa mwanga uliofuata mkunjo wa maji yanayochuruzika.

#9 Jogoo wa Makole
Mwalimu, 1841 Geneva wanachezea maji, sisi leo tunayapanga kwa ndoo 😂

#10 Mkulima Hombolo
Hapo kwenye msukumo nimeshikwa, nakubali. Ila mizabibu ya mwanzo ilikuwa inaogelea kweli.

#11 Fundi Nkuhungu
Nimerudi na hoja ya pili, hii nimesoma uzi wote. Mkuu, LED zako aina gani? Kama ni 5050, chip yake ina milimita 5 kwa 5, na bamba lako unene ni 5. Ikisogea nusu milimita tu mwanga unapita pembeni ya bamba, unapanda mbele kama moshi wa jiko. Sehemu ya chini itang'aa hata usipochonga kidoa. Weka 2835, ile ni 2.8 kwa 3.5.

#12 Mchonga Nuru
Ni 5050, ndani ya chaneli ya alumini. Nimeziba mwanya kwa tepu nyeusi: mstari mmoja mkali wa chini kabisa umepungua. Machweo yapo.

Nyongeza: nyuma ya bamba nimebandika stika nyeupe irudishe mwanga mbele. Kwenye programu pia niliweka karatasi nyeupe nyuma, kwa hiyo hapo nipo sawa.

#13 Mgogo Ughaibuni
Simama hapo hapo. Umebandika au umeegesha?

#14 Mchonga Nuru
Nimebandika. Kwa gundi yake. Nimepiga na kisukumio mpaka povu zote zikatoka, kazi safi.

#15 Mgogo Ughaibuni
Kazi safi ndiyo iliyokuua.

Nimefanya miaka kadhaa kwenye taa za ndani za magari, najua ugonjwa huu. Alichosema Mwalimu #8 kinategemea hewa nyuma ya akriliki. Gundi nyingi za stika zina namba ya kupinda mwanga iliyo karibu kabisa na ya akriliki yenyewe. Mwale ukifika pale hauoni ukuta, unapita kwenye gundi, unagonga weupe wa stika, unatawanyika kila upande. Stika yako yote imekuwa kidoa kimoja cha sentimita 90 kwa 40. Kwenye programu uliacha nafasi kati ya bamba na karatasi, hata kama ni milimita 0.1, kwa hiyo programu iliona hewa. Haikukudanganya, uliichorea bamba jingine.

#16 Siti ya Mbele
Uzi umeiva.

#17 Jogoo wa Makole
Povu zote zikatoka 😂😂 Mkuu, povu ndizo zilikuwa rafiki zako.

#18 Mchonga Nuru
Nimeng'oa stika, imenichukua saa nzima na pasi ya mvuke ya wife. Nimefuta gundi, nimeegesha karatasi nyeupe ya kawaida nyuma. Limebadilika kweli. Juu sasa unaona rangi. Ila bado, chini kumezidi juu kama mara tatu kwa macho yangu. Asante sana Mgogo, lakini mgonjwa hajapona.

#19 Binti Chimwaga
Macho hayapimi mara tatu kaka, yanazoea. Chukua simu, funga ekspoja isijirekebishe, piga picha chini na juu, usome thamani za pikseli. Hata hizo hazipandi sawa na mwanga wenyewe, lakini zitakupa mwelekeo.

Halafu kuhusu miale milioni moja. Kipokeo chako, yaani ule uso wa programu unaohesabu miale iliyotoka, kimegawanywa vyumba vingapi?

#20 Mchonga Nuru
Vyumba? Niliacha kama kilivyokuja. Naona 450 kwa 200.

#21 Binti Chimwaga
Basi ni vyumba 90,000. Miale milioni moja, hata yote ingefika, kila chumba kinapata 11. Njia ya Monte Carlo, yaani kurusha miale kwa bahati nasibu na kuihesabu, ni kama kura ya maoni: kosa linashuka kwa kipeuo cha pili cha idadi. Miale 11 kosa lake ni kama asilimia 30. Ramani ya namna hiyo inapaswa kuonekana kama pilau. Yako imeonekana kama uji kwa sababu programu ilisawazisha picha. Tafuta kitufe cha kulainisha, nahisi kimewashwa. Ukiweka vyumba vya sentimita moja moja vitakuwa 3,600, kila kimoja miale 277, kosa asilimia 6. Ukitaka kosa lipungue nusu, miale iongeze mara nne, laptop ichemke.

#22 Mchonga Nuru
Kimewashwa. 🙈

#23 Mgogo Ughaibuni
Binti yupo sahihi kuhusu kelele (hayo makosa ya miale michache), lakini kelele haileti machweo. Kelele inachafua pote sawa, haina upendeleo wa chini au juu. Mimi nashuku kikomo cha kugonga. Programu nyingi zina idadi ya juu ambayo mwale ukishagonga nyuso unauawa. Kwenye bamba la milimita 5, mwale ulioinama kuliko yote unagonga kila milimita 5.5. Kwa sentimita 40 ni mara 70 na ushee. Kama kikomo chako kilikuwa 50, miale mingi imefia njiani.

#24 Binti Chimwaga
Shikamoo kaka, lakini hapo umegeuza mshale. Kama programu iliua miale njiani, basi kwenye ramani sehemu ya juu ilikosa mwanga, na Mchonga Nuru angelazimika kuongeza vidoa juu mpaka ramani ilingane. Akija kuchonga, miale ya kweli haiuawi, inafika juu na kukuta vidoa vilivyozidi. Bango lingeng'aa juu na kufifia chini. Yeye ana kinyume chake.

#25 Mgogo Ughaibuni
Marahaba. Umenipiga kihalali. Nafuta kauli.

#26 Mlima Mlimwa
Huyu dada apewe kazi leo leo.

#27 Mwalimu wa Zamani
Mchonga Nuru, uliposema vidoa, ulivichora na umbo gani ndani ya programu? Maana mtu anaweza kuweka tekscha (mpangilio wa vidoa juu ya uso) kwa njia tatu tofauti na kila njia ikawa na uongo wake.

#28 Mchonga Nuru
Nilichagua kishimo cha duara, kama kibakuli. Kuna sehemu ya tekscha, unaipa kishimo kimoja na kanuni ya jinsi ya kuvipanga, yenyewe inajaza. Kumbe kuna njia nyingine?

#29 Mgogo Ughaibuni
Zipo. Ya kwanza, unachora kila kishimo kama umbo halisi. Ukipanga kila milimita 2 kwenye bamba lako hivyo ni vishimo 90,000, faili halifunguki mpaka ukapate chai na chapati urudi. Ya pili ni hiyo uliyotumia. Wenye programu ya LightTools wanaiita tekscha za 3D na wenzao wana majina yao: programu inakumbuka kishimo kimoja na ramani, mwale ukifika ndipo inauliza, hapa pana kishimo? Nyepesi, na umbo linaheshimiwa. Ya tatu huchori kishimo kabisa. Unagawa uso kanda kanda, kila kanda unaiambia, ukigongwa na mwale, asilimia fulani utawanye na inayobaki irudishe kama kioo.

Mimi siku zote ya pili. Ya tatu ni ya wavivu.

#30 Binti Chimwaga
Ya tatu ni ya wanaochonga kwa leza, kaka. Kibakuli chako cha programu ni laini kama kijiko cha chuma, mwale unaruka kwa pembe unayoweza kuipigia hesabu. Kiwandani wanapomimina plastiki kwenye kalibu, sawa, kishimo kinatoka laini kweli. Leza inachoma. Ndani ya kishimo panabaki ukungu mweupe, mwale ukiingia unatawanyika hovyo. Ukungu unatoa mwanga zaidi kuliko kibakuli laini cha ukubwa ule ule. Kila kidoa kinatoa zaidi ya ulichopangia, mistari ya chini inakula sehemu ya juu, tunarudi kwenye 20, 16, 12.8.

Kwenye mradi wangu wa mwaka jana (niliandika kijiprogramu cha Paithoni, cha pande mbili tu, laptop yangu ni ya RAM 4 msinicheke) nilikuwa na kibamba cha sentimita 15. Kwa vibakuli laini hesabu haikukaa kabisa. Nilipoacha umbo nikaweka kutawanya tu, nikapima kipande kimoja, nikarekebisha asilimia, ikakaribia.

#31 Mgogo Ughaibuni
Ikakaribia kwa sababu uliirekebisha ikaribie! Ukishapima kipande ndipo urekebishe namba, huo si utabiri, umemsomea mgonjwa cheti chake mwenyewe. Mimi naweka kibakuli halafu juu ya uso wa kibakuli naweka ukwaru kidogo. Vyote viwili.

#32 Binti Chimwaga
Na ukwaru kiasi gani unaujuaje bila kupima kipande? 😊

#33 Jogoo wa Makole
Msimamizi, funga milango, asitoke mtu.

#34 Fundi Nkuhungu
Nyie mnabishana ndani ya kompyuta. Bamba lipo mezani. Mchonga Nuru, dondosha tone dogo la maji kwenye lenzi ya kamera ya simu yako, igeuze polepole tone lining'inie, isogeze kwenye kidoa. Inakuza vizuri tu, ndivyo ninavyokagua maungio ya bodi za simu. Weka rula ya milimita pembeni, hesabu.

#35 Mchonga Nuru
Fundi ubarikiwe. Nimefanya, nimemwaga maji mara mbili lakini nimeona. Vidoa vya chini: niliandika 0.3, vimetoka kama 0.5, na kingo zake zimevimba kama mtu kaumwa na nyuki. Vya juu ambako nilivipanga karibu karibu, vingi vimegusana vimekuwa kitu kimoja, utadhani ramani ya visiwa.

#36 Binti Chimwaga
Hiyo ni kubwa. Eneo la duara linakwenda kwa mraba: 0.5 kwa 0.3 ukipiga mraba unapata karibu 2.8. Kila kidoa cha chini kinatoa kama mara tatu ya ulichopanga. Juu nako hakuna nafasi ya kuongezeka, vimeshagusana, kwa hiyo pale ambapo ungehitaji nguvu zaidi huipati. Chini imezidishwa mara tatu, juu imegonga dari.

#37 Mgogo Ughaibuni
Nakazia #36. Kwa mara ya kwanza leo tunakubaliana.

#38 Mlima Mlimwa
Mimi nina swali la kijinga. Bango la loji linakaa juu ya mlango. Wewe unaliangalia ukiwa umesimama chini. Sasa kama mwanga unapanda kutoka chini, si utatoka ukielekea juu, unawaangazia popo?

#39 Mgogo Ughaibuni
Si la kijinga hata kidogo, mimi mwenyewe nimelisahau na lilishanigharimu. Kishimo laini kinaupindua mwale kidogo tu, kwa hiyo unatoka umelala, ukiendelea uelekeo ule ule wa safari yake. Kipokeo cha kawaida cha programu kinahesabu mwanga wote uliotoka, hata ulioelekea mbinguni. Jicho linahesabu ule tu unaolielekea. Ramani inaweza kuwa sawa kabisa na bango likaonekana giza. Na ukisimama chini ya mlango, sehemu ya juu ya bango unaitazama kwa kuinua shingo zaidi kuliko ya chini, kwa hiyo ndiyo inayokunyima zaidi. Mchonga Nuru, kwenye kipokeo weka jicho, mita 3 mbele na mita 1 chini, urudie.

#40 Binti Chimwaga
Lakini kama vidoa vina ukungu, mwanga unatawanyika pande zote na tatizo hili linapungua. Haviwezi kuwa laini kwenye #39 na vya ukungu kwenye #30 kwa wakati mmoja.

#41 Mgogo Ughaibuni
Ndiyo maana nasema vyote viwili.

#42 Mchonga Nuru
Nimelala sakafuni kama paka, nimeligeuza bango LED ziwe juu, nimelitazama kutoka chini. Afadhali kidogo. Upande wa mbali na LED bado hafifu. Kwa hiyo Mlima Mlimwa anapata nusu alama.

#43 Mlima Mlimwa
Naipokea. Fizikia sijawahi kupata hata hiyo.

#44 Kondoa Kwetu
Jamani mmesahau vumbi? Hii ni Dodoma, tena mwezi wa upepo. Akriliki ukiimenya ile karatasi yake tu inavuta vumbi kama sumaku. Kila punje iliyogusa uso ni kidoa kidogo. Niliwahi kuweka kibao cha duka Majengo, wiki mbili hakuna aliyesoma maandishi, kilikuwa kinawaka chote kama mbalamwezi.

#45 Mwalimu wa Zamani
Kondoa, kweli, lakini punje kavu inagusa uso kwa eneo dogo mno. Alama za vidole zenye mafuta na mikwaruzo ya kufutia kitambaa kikavu ndiyo hatari zaidi. Na vumbi linatua pote, haliangalii chini na juu.

#46 Kondoa Kwetu
Mwalimu, linalotua karibu na LED linatoa mwanga mwingi zaidi kwa sababu mwanga hapo ni mwingi. Umetufundisha mwenyewe.

#47 Mwalimu wa Zamani
Nimekula nilichopika. Endelea.

#48 Mchonga Nuru
Wakuu, ripoti ya Alhamisi usiku. Nilikata tamaa nikasema niongeze mkanda mwingine wa LED ukingo wa juu, nipige pande zote mbili niishie hapo. Juu kumewaka kuliko chini! Katikati ndiyo giza sasa.

#49 Jogoo wa Makole
Hongera. Umepata macheo na machweo kwenye bango moja.

#50 Binti Chimwaga
Kaka, vidoa vyako vya juu ni vingi kwa sababu vilitarajia mwanga hafifu. Umewaletea LED mlangoni, lazima walipuke. Pande mbili zinataka ramani nyingine kabisa: vichache kingo zote, vingi katikati.

#51 Bwana Leza
Salaam. Mimi ndiye niliyechonga. Nimetumiwa uzi huu na mtu wa Chang'ombe, nimesoma mpaka nywele zimesimama. Naomba nijitetee kwa mambo mawili.

Moja, faili lilikuja na vidoa vya 0.3 nikavichonga vya 0.3. Alama ya leza yenyewe ina upana wake, inaongezeka nje ya mstari uliochorwa. Kama alitaka 0.3 kamili angechora vidoa vidogo zaidi ya hapo. Hakuniambia ni optiki, aliniambia ni urembo.

Mbili, mnasema ukungu ukungu. Bamba lile halikuwa la kumimina. Mchonga Nuru alilileta mwenyewe, ni la kusukumwa mashineni, lile la bei nafuu. La kumimina ndilo likichongwa linatoa weupe kama barafu. La kusukumwa linayeyuka, linaacha alama ya kung'aa ndani. Kwa hiyo nadharia ya ukungu ya huyo dada hainihusu.

#52 Binti Chimwaga
Karibu sana. Kama ni la kusukumwa, basi vishimo ni laini kuliko nilivyodhani na Mgogo anarudi na kibakuli chake. Lakini kingo zilizovimba alizoziona kwa tone la maji hazimo kwenye kibakuli cha mtu yeyote. Zile nazo zinatoa mwanga.

#53 Mgogo Ughaibuni
Kingo za duara zilizovimba. Hiyo inachorwa kama pete kuzunguka kishimo. Sijawahi kuiweka.

#54 Mchonga Nuru
Mimi nilinunua nikaambiwa la kumimina. Sasa hata bamba limenidanganya. Nitajuaje?

#55 Bwana Leza
Chonga herufi moja kwenye kona. Ikiwa nyeupe, la kumimina. Ikiwa ya kioo, la kusukumwa. Na harufu ni tofauti, ila hiyo ya kujua mwenyewe ukishachonga sana.

#56 Binti Chimwaga
Bwana Leza, una vipande vya pembeni vya bamba lile? Naomba viwili vya sentimita 5 kwa 40. Kimoja kichonge vidoa vilivyochorwa 0.3 kwa umbali sawa mwanzo mpaka mwisho, kingine 0.15, nguvu ile ile. Tukiwasha na kupima jinsi kila kimoja kinavyofifia, tutajua kidoa kimoja kinatoa kiasi gani, bila kujali ni kibakuli, ukungu au pete.

#57 Mgogo Ughaibuni
Hapo ndipo atakapoirekebisha namba ikaribie tena 😄 Ila vichonge. Na mimi nataka picha ya tone la maji.

#58 Bwana Leza
Vipo. Kesho saa nne asubuhi, umeme ukiwepo.

#59 Mchonga Nuru
Nipo hapo saa tatu na nusu. Mteja nimempigia, amenipa mpaka Jumatano, ila amesema nikipeleka tena la machweo anakata laki moja.

#60 Mkulima Hombolo
Mkishamaliza na kuna kipande kimebaki, mimi nataka kibao cha kuuzia zabibu barabarani. Kikififia upande mmoja si neno, upande huo nitaandika bei.